Nzi Huonyeshwa Njia

Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti alikuja kwetu Jumatatu asubuhi bila kutuarifu. Alikaa dakika kumi, na katika dakika hizo aliwapunga nzi kwa daftari lake mara nane. Nilihesabu kwa sababu nilikuwa nimesimama kando ya mlango nikiwa sina la kusema, na mimi nikikosa la kusema huhesabu.

Alikuwa mama mnene, mwenye miwani na viatu vyeupe visivyotoa sauti. Alikagua chumba cha Dada, akaminya godoro, akakitandaza chandarua kuona kama kina tundu. Alikwenda jikoni akafunua sufuria, akainama chini ya karo, akafungua ndoo ya taka akaikuta tupu. Kisha akarudi sebuleni akawatazama nzi waliokuwa wakizunguka chini ya taa kama watu waliopewa zamu.

"Nyumba ni safi," alisema. "Sijui hawa wanatafuta nini. Lakini mtoto wa kilo moja na robo tatu hana nguvu ya kupambana na kinachobebwa na miguu ya nzi. Mwezi uliopita nilimruhusu mwenzake akaenda kwenye nyumba yenye hali kama hii, akarudi baada ya wiki moja anaharisha. Sirudii tena. Nitakuja Ijumaa asubuhi. Nikikuta hivi, mtoto anabaki wodini."

"Ijumaa humkuti hata mmoja," alisema Shemeji, mume wa Dada. "Nitapuliza dawa mpaka mende wa jirani wahame."

"Dawa usipulize, baba. Mapafu yake bado machanga. Na usidhani sitajua. Pua yangu ni nzuri."

Aliposema hivyo, Baba, aliyekuwa kwenye kiti chake cha pembeni, aliinamisha kichwa. Wakati ule sikuelewa kwa nini.

Dada alichukua mfuko wake wa nguo safi amfuate muuguzi, kwa kuwa saa ya kumlisha mtoto ilikuwa imekaribia. Ilikuwa wiki ya sita akilala kwenye chumba cha akina mama kule hospitalini na kumkamulia mwanawe maziwa kikombeni kila baada ya saa tatu. Kabla ya mtoto huyu, mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Pale mlangoni alinigeukia.

"Mdogo wangu, nisaidie," alisema kwa sauti ya chini. "Nimechoka kumtazama mwanangu kupitia kioo."

Nyumba ni ya Baba. Mama alitangulia mbele ya haki zamani, na Dada na mumewe walihamia chumba cha mbele baada ya Baba kupata kiharusi miezi minane iliyopita. Mimi nimemaliza chuo cha ualimu na nasubiri kupangiwa shule, kwa hiyo kumtunza Baba kukawa kazi yangu: kumwogesha, kumnyoosha mkono wa kulia uliolala, kumkatia chakula vipande vidogo. Naipenda kazi hii. Haitaki mtu asimame mbele ya watu.

Baba alikuwa mwuza nyama kwa miaka thelathini na mmoja. Kiharusi kilimkuta buchani, panga mkononi. Aliyeichukua bucha baada yake alileta meza ya chuma na msumeno wa umeme, na gogo la kukatia nyama akalitupa nje. Wachukuzi watatu wa sokoni waliomheshimu Baba walilipakia kwenye mkokoteni, wakaja nalo hadi nyumbani, wakalishusha sebuleni kando ya kiti chake. Ni gogo la mkwaju, linanifika kiunoni, na katikati limechimbika kama bakuli kwa mapigo ya miaka yote hiyo.

Baba akalifanya meza. Tulilifunika kwa plastiki yenye maua, juu yake tukaweka kitambaa alichofuma marehemu Mama, na juu ya kitambaa kukakaa redio, dawa na kikombe cha chai. Wageni wengi hawakujua chini ya kitambaa kuna nini. Mkono wa kushoto wa Baba, ule mzima, ulikaa juu ya gogo muda wote, kama mtu anavyomwekea rafiki yake mkono begani.

Siku moja, wiki ileile Dada alipolazwa, nilimwona Baba akijaribu kulifuta gogo kwa mkono huo mmoja. Kikombe kilianguka, dawa zikamwagika, naye akageuza uso akatazama ukuta. Sikutaka ajione hawezi. Tangu siku hiyo niliamka kabla yake kila asubuhi, nikavishusha vitu vyote, nikaliosha gogo kwa maji ya moto na sabuni ya unga yenye harufu ya limau, nikalifuta na kulifunika upya. Hakuniomba, wala sikumwambia. Niliona furaha yangu imetosha: akiamka akute pananukia vizuri.

*

Shemeji ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, mtu wa mikono myepesi na maneno mengi. Alimwita mwanawe Bosi tangu siku ya kwanza, kwa sababu, alisema, kalala tu na watu wazima kumi na wawili wanamkimbilia. Muuguzi alipoondoka, alivaa viatu vyake akaenda moja kwa moja kwa jirani wetu, mama mmoja mfugaji ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kuku. Nilimfuata ili asije akaharibu ujirani.

"Mama Kuku, nzi wako wamehamia kwetu."

"Nzi wangu? Umewatambuaje, wana alama?"

"Wanatoka bandani kwako."

"Banda langu linafagiwa kuliko unavyonyoa hizo ndevu. Ingia uone."

Shemeji aliingia, akausukuma mlango wa banda kwa nguvu ya mtu mwenye haki, bawaba ikang'oka. Ndani palikuwa pakavu, pamenyunyiziwa majivu, kuku wakimtazama kwa mshangao. Nzi walikuwa wawili tu, nao walionekana wageni.

"Kikulacho ki nguoni mwako, fundi," alisema Mama Kuku. "Kakitafute huko. Na kesho uje na hiyo mashine yako unifungie mlango wangu."

Jumanne Shemeji hakwenda karakana. Alishinda nyumbani akifunga wavu mwembamba kwenye kila dirisha, na kwenye milango yote miwili akaweka fremu ya wavu yenye springi inayojifunga yenyewe. Aliifanya kazi ile vizuri sana. Alining'iniza pia karatasi za gundi darini, nne, na moja ikamnasa nywele mara mbili kabla ya kumnasa nzi wa kwanza.

"Sasa hapa hata fikra mbaya haipiti," alisema jioni akipapasa nywele zake.

Jumatano asubuhi nzi walikuwa wengi kuliko siku zote. Walijaa ndani ya wavu wa madirisha, wakitazama nje. Karatasi zote nne zilikuwa nyeusi. Shemeji alisimama katikati ya sebule na kikombe chake cha chai, akiwa amekifunika kwa kiganja.

"Shemeji," aliniambia taratibu, "naona tumewafungia ndani."

Nilicheka kidogo, lakini yeye hakucheka. Tulifagia, tukapiga deki, tukatoa mazulia, tukahamisha kabati la vyombo na kupangusa nyuma yake. Kila baada ya muda aliipiga simu ya Dada, akaanza kusema jambo, kisha akaulizia kilo za Bosi.

Siku hizo mbili Baba alikuwa na jambo lake. Alinitaka nimwogeshe asubuhi na jioni, na baada ya kuoga alitaka poda nyingi shingoni. Alikataa kukaa karibu na mtu. Mama Kuku alipopita kumsalimu, alimwitikia akiwa ameelekeza uso dirishani. Jumatano mchana, nikimkausha miguu, aliniita jina analoniita tangu utotoni.

"Mama."

"Abee, Baba."

"Ninuse."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Ninuse hapa begani, uniambie ukweli."

Niliinama nikamnusa. "Unanukia sabuni, Baba. Na poda."

"Wewe una huruma," alisema. "Mwenye huruma hana pua."

Kisha akaanza kuongea polepole, kwa mdomo wake ule ulioinama upande mmoja, akitazama mkono wa kulia uliolala mapajani.

"Kuna harufu hapa, inapata wiki ya tatu sasa. Si kali. Nyinyi hamuisikii kwa sababu ya hayo malimau yenu. Lakini mimi naijua, mama. Ni ya nyama iliyopitiliza siku. Mwanzo nilidhani inatoka nje. Kumbe kila nikikaa iko na mimi. Kitandani inapungua, nadhani kwa ajili ya shuka safi. Na hawa nzi hawaendi kwa mwingine, wananizunguka mimi. Mimi nimefanya kazi na nzi miaka thelathini na mmoja. Nzi hakosei. Huu mkono umekufa miezi minane. Kitu kilichokufa unakijua kinafanyaje."

"Baba, mkono haujafa. Daktari alisema—"

"Daktari hakuuza nyama."

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nikaendelea kumkausha miguu.

"Nimempigia baba yako mdogo," aliendelea. "Kesho saa tano asubuhi shemeji yako atanipeleka. Nimemwambia kwamba nimewakumbuka tu ndugu zangu. Usiseme kitu. Mtoto aje kwao, alale bila nzi. Mimi nimeshalala sana humu."

Baba mdogo anaishi mwendo wa saa tano, ghorofa ya tatu, na huko hakuna wa kumnyoosha Baba mkono. Nilimvalisha soksi. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili nisisikike nikilia.

*

Alhamisi niliamka mapema kuliko kawaida. Nilichemsha maji, nikachukua sabuni na kitambaa, nikaenda sebuleni. Nilishusha redio, nikashusha dawa na kikombe, nikakunja kitambaa cha Mama. Nilipoifunua plastiki niliona upande wake wa chini umejaa matone, kama mfuniko wa sufuria.

Labda siku nyingine zote matone yalikuwepo. Siku zote nililifunua gogo huku nimeshika sabuni, na harufu ya limau ilinifika kwanza. Siku hiyo maneno ya Baba yalikuwa bado masikioni mwangu: kila nikikaa iko na mimi, kitandani inapungua. Niliiweka sabuni chini, mbali. Niliinama juu ya lile bakuli la mti nikavuta pumzi.

Harufu ilikuwa pale. Si kali, kama alivyosema. Chini ya limau kulikuwa na kitu kizito na kitamu vibaya, cha zamani. Niliweka kidole katikati ya bakuli, na mti ambao zamani ulikuwa mgumu kama mfupa ukabonyea. Kulikuwa na ufa unaoshuka mpaka chini. Nilipiga magoti, nikamulika kwa simu pale gogo linapokutana na sakafu. Ndani ya ufa, mabuu weupe kama punje za wali walikuwa wakitembea bila haraka, na pembeni yao mayai makavu, matupu.

Nilikaa sakafuni. Nilihesabu. Nilianza kuliosha wiki sita zilizopita. Nzi walianza wiki tatu zilizopita. Maji yangu ya moto yaliingia kwenye ufa, yakalainisha mafuta na damu ya miaka thelathini na mmoja, nami nikafunika kwa plastiki ili joto lisitoke. Hakuna mwuza nyama ambaye angefanya hivyo, na hakuna mtu asiye mtoto wa mwuza nyama ambaye angekuwa na gogo la kufanyia hivyo.

Wazo la kwanza lililonijia halikuwa zuri. Niliwaza kulisukuma gogo nje kabla hawajaamka na kusema nimelihamisha tu. Nililisukuma. Halikusogea hata unywele. Lililetwa na wanaume watatu. Basi nikalifunika tena, nikarudisha redio mahali pake, nikaenda kumwaga maji. Niliogopa. Mwanangu, maana mtoto wa dada ni mwanangu, angebaki nyuma ya kioo kwa sababu yangu. Na gogo lingepasuliwa kuni.

Saa nne Dada alikuja kuoga. Aliukuta mfuko wa Baba umefungwa, umewekwa kando ya mlango, na fimbo juu yake. Shemeji alikuwa akimvalisha Baba koti.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kwa mdogo wangu. Nimemkumbuka."

Dada alimtazama, akautazama mfuko, akawatazama nzi. Nadhani alielewa nusu, na nusu hiyo ilimtosha. Alikuwa amechoka hata macho yake yalikuwa madogo.

"Ni mpaka mtoto apate nguvu tu, Baba," alisema akianza kulia. "Kisha utarudi."

"Nitarudi, mama. Usilie, maziwa yatakauka."

Shemeji akauchukua mfuko. Baba aliweka mkono wake wa kushoto juu ya gogo, akalipapasa mara mbili, halafu akaushusha kushika fimbo.

"Si Baba," nilisema.

Hakuna aliyenisikia. Sauti yangu huwa hivyo. Nilisema tena.

"Si Baba. Ni mimi."

"Wewe ndiye unayesafiri?" aliuliza Shemeji.

Nilijua nikianza kueleza nitashindwa. Nikaishusha redio. Nikashusha dawa moja moja, na kikombe, na kitambaa cha Mama. Nikaivuta plastiki yote kwa mara moja. Harufu ilipanda bila limau. Nzi waliotanda darini wakashuka kama walioitwa mezani. Shemeji alirudi nyuma mpaka akaugonga mlango wake wa wavu.

"Nimekuwa nikiliosha," nilisema.

Baba alinitazama. "Unaliosha na nini?"

"Maji ya moto. Na sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya kufulia."

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Wiki sita. Kabla hujaamka." Kisha machozi yakaja na maneno yote yakaja pamoja nayo. "Nilikuona umeshindwa kulifuta, Baba, sikutaka uone aibu, nikaona nifanye mwenyewe. Wako chini, mabuu, kwenye ufa. Si mkono wako. Mkono wako haunuki. Nilikwambia kweli."

"Lipasueni," alisema Dada. "Sasa hivi. Shoka liko wapi?"

Mabega ya Baba yalikuwa yakitikisika. Nilidhani analia, nikataka kumshika, kumbe anacheka. Alikuwa hajacheka tangu augue, na kicheko chake sasa kilitokea upande mmoja tu, kama mtu anayecheka nyuma ya mlango.

"Amelifua," alisema. "Gogo la bucha. Amelifua kama shati."

Shemeji akaanza kucheka naye, kwanza kwa heshima, kisha kweli.

"Gogo haliogi, mama," Baba aliniambia. "Miaka yote hiyo halikuwahi kuonja maji. Linakwanguliwa, linasuguliwa chumvi, linaanikwa. Maji yanaamsha vilivyolala." Alijifuta macho. Halafu kicheko kikamwisha, akasema taratibu, akiwa kama anajiambia mwenyewe: "Kumbe si mimi." Akarudia. "Kumbe si mimi."

Dada alikuwa amekwisha fika jikoni kutafuta shoka. Alisikia. Alirudi akapiga magoti mbele ya kiti cha Baba, akaushika ule mkono wa kulia, akauweka usoni pake.

"Ulidhani ni wewe?"

Shemeji aliurudisha mfuko chumbani bila kuambiwa.

*

Tulikuwa na saa chini ya ishirini na nne, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu mwenye kazi akawa Baba.

Alitaka gogo litoke kwanza. Shemeji alikwenda kumwita Mama Kuku, ambaye ana mabega kuliko yeye, na sisi wanne tulilibingirisha mpaka uani. Mama Kuku alipoona kilichobaki sakafuni alikimbia kwake akaja na kopo.

"Msifagie. Kuku wangu leo wana karamu." Akamtazama Shemeji. "Nilikwambia kiko wapi?"

"Nguoni mwangu, mama. Nguoni mwangu kabisa."

"Na mlango wa banda?"

"Leo jioni."

Kisha Baba akatuuliza ni nani aliyetufundisha kufukuza nzi kwa kuwafungia. Shemeji aliutazama wavu wake.

"Vuteni mapazia yote," alisema Baba. "Paliko na mwanga, funikeni kwa shuka. Nyumba iwe giza. Mlango wa nyuma peke yake uacheni wazi, na huo wavu wake muufunge nyuma usijirudishe. Halafu simameni kimya. Buchani nilifanya hivyo kila siku kabla ya kufungua. Nzi hafukuzwi. Ukimfukuza anazunguka, anarudi. Nzi huonyeshwa njia."

Tulifunika madirisha. Nyumba ikawa giza mchana kweupe, na mwisho wa ukumbi mlango wa nyuma ukawa kipande cha mwanga kilichosimama wima. Tulisimama ukutani, Dada, Shemeji, mimi, na Baba kitini. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha mmoja alipita mbele ya uso wangu akielekea kwenye mwanga, wakafuata wawili, wakafuata wengi, kwa mvumo mdogo kama wa redio iliyokosa stesheni. Walitoka wenyewe. Shemeji alitembea polepole nyuma yao na taulo, akiwapungia waliochelewa, kama mtu anayefunga ukumbi baada ya harusi.

Baada ya nusu saa Baba alisema, "Achia springi."

Mlango wa wavu ukajifunga.

"Sasa kazi yako ina maana, fundi," alisema Baba. "Wavu mzuri huu."

"Baba," alisema Shemeji, "siku zote hizi ulijua dawa hii, kwa nini hukutuambia?"

Baba alijipapasa mkono wa kulia.

"Nilidhani wa kuonyeshwa mlango ni mimi."

Tulirudi uani. Dada alikuwa bado anataka shoka, lakini alilitaka kwa sauti ndogo zaidi. Baba alimwomba ampe muda mpaka kesho tu, akaahidi kwamba gogo halitaingia ndani tena, hata likiwa limekauka. "Mahali pa gogo si sebuleni," alisema. "Nililiweka pale kwa ajili ya kiburi changu." Dada alitazama saa, akambusu kichwani, akaenda kwa mwanawe.

Shemeji alikata bapa la chuma, akalinoa ukingo, akalifunga kitambaa pa kushikia. Nilianza kukwangua. Mti laini ulitoka kama unga wa mvua. Baba alikuwa kitini kando yangu, jua miguuni.

"Usigombane nalo. Fuata uzi wa mti. Hivyo unauchimba. Lete."

Alilichukua bapa kwa mkono wa kushoto. Mara ya kwanza liliteleza, mara ya pili likaanguka, nikaliokota. Mara ya tatu lilitoa ukanda mrefu, mwembamba, na chini yake mti mwekundu, mkavu. Alikwangua hadi jasho likamtoka. Sikumsaidia. Ilinibidi niikalie mikono yangu, lakini sikumsaidia. Tulipomaliza tulimimina chumvi ya mawe kwenye ufa na kwenye bakuli, tukaisugua kwa nusu mbili za ndizi mbichi iliyokataliwa na kuku wa Mama Kuku, tukaliacha gogo juani limeinamishwa.

*

Ijumaa muuguzi alikuja na daftari lake. Alikaa sebuleni dakika kumi na tano. Nilihesabu mara ambazo daftari liliinuka: mara moja, naye alipoliinua akaona hakuna cha kupunga, akaliweka magotini kama mtu aliyeshtukia anajikuna pasipowasha. Alikwenda nyuma. Kwenye wavu wa mlango, upande wa nje, nzi mmoja alikuwa ametua.

"Huyo yuko nje," alisema Shemeji haraka.

"Namwona," alisema muuguzi. Akatazama uani, penye gogo jeupe kwa chumvi. "Na kile ni nini?"

"Ni meza yangu," Baba alimjibu. "Ilifuliwa, sasa imeanikwa."

Muuguzi alivuta hewa kwa ile pua yake nzuri. Aliandika kitu kirefu daftarini, akafunga kalamu.

"Kesho saa tatu," alisema. "Mje na blanketi."

Jumamosi Dada aliingia na mtoto kifuani, amefunikwa mpaka masikio, na Shemeji nyuma yake akibeba mifuko na kuuambia mlango wa wavu uwe na adabu, Bosi anapita. Baba alikuwa uani tangu asubuhi na bapa lake. Nilimwingiza ndani, nikamkalisha kitini. Mahali pa gogo palikuwa na duara la sakafu lenye rangi tofauti, na mkono wake wa kushoto ulilitafuta gogo, ukakosa, ukarudi mapajani. Kisha Dada akasema, "Baba, mpokee mjukuu wako."

Baba aliuinua mkono, akausimamisha hewani.

"Ngoja. Mama, ninuse kwanza."

Niliinama begani mwake nikavuta pumzi vizuri. Wote walikuwa wakinitazama.

"Unanuka jasho," nilisema. "Na chumvi."

"Leo una pua," alisema Baba. "Haya, lete maji. Mimi si gogo, mimi nioshe."